UZI: Tunaohudumia wagonjwa, wajane na watu wa mialoni, sisi tunapumzika lini?

Mama wa Kirumba (mwanzisha uzi)

Wapendwa salaam, wa upande wetu Bwana asifiwe, ndugu zangu Wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni akitulia.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na kitu, nakaa Kirumba hapa Mwanza, nauza dagaa wa jumla pale soko la Mwaloni (mwalo ndo pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapofikia), na kwa miaka sita nilikua kiongozi wa idara ya huruma kanisani kwetu. Wanaoijua hiyo idara wanajua, ndo kule kutembelea wagonjwa, kupeleka unga kwa wajane, kukaa na mfiwa, kuomba na mtu anayekata roho, kutafuta nauli ya mtu asiyejua yeyote hapa mjini. Na Mwanza hiyo kazi haina mwisho maana hospitali ya Bugando inapokea rufaa za kanda nzima ya ziwa, mtu anatoka Kagera, mwingine Mara, mwingine Simiyu, mgonjwa analazwa na yule ndugu aliyemleta anabaki nje na mfuko wa rambo na elfu tano, anaanza kuulizia kanisa la karibu. Kanisa la karibu maana yake ilikua mimi. Namba yangu ilikua inatembea wodini kwa wagonjwa ambao sijawahi kuwaona, wanapeana, "mpigie huyu mama".

Niliipenda hiyo kazi na bado naipenda. Naandika kwa sababu iliniangusha, na nimeona wengine watatu wanne wanaanguka vilevile, mmoja hata ibada haji tena, na kila akianguka mtu tunasema shetani kamshambulia alafu tunamtafuta mwingine wa kumkabidhi daftari.

Ilikua masika ya 2021. Saa tatu usiku hivi, nimerudi toka Mwaloni sijaoga, watoto wanasubiri ugali, simu ikaita. Nikaona jina, ni mama mmoja mjane wa kule Igombe, ana mtoto mwenye selimundu, tumehangaika nae sana. Sikupokea. Ikaita tena. Nikafungua ndoo kubwa tunayowekea mchele, nikaizamisha simu mpaka chini, nikafunika na mfuniko alafu nikakaa juu ya ile ndoo. Naisikia inanguruma ndani ya mchele na mimi nimekaa juu yake. Mwanangu wa mwisho akaniuliza mama mbona simu inalia kwenye mchele. Sikua na jibu la kumpa, nikamwambia lete mwiko.

Yule mtoto alizidiwa usiku ule, jirani akamuwahisha kwa bodaboda, akalazwa, akaongezewa damu, akapona, namshukuru Mungu mpaka leo. Ila mimi nililala nimeuona mkono wangu ukifanya kitu ambacho nisingeamini kama ningeambiwa.

Wiki ileile nikiwa wodini baba mmoja akanishika mkono akaomba nimuombee, nikafumba macho nikaanza, maneno yanatoka vizuri tu maana nimeyazoea, huku kichwani napiga hesabu ya ndoo za dagaa za yule mteja wa Kahama. Nikasema amina. Yule baba analia machozi, mimi moyo umekauka kama dagaa wa siku tatu kwenye chanja. Nilimuonea wivu anavyolia, huo ndo ukweli.

Nikawaeleza wazee wa kanisa kwamba nimechoka. Nikaambiwa funga siku tatu Bwana atakutia nguvu. Nilifunga, siku ya pili nikadondoka ghalani. Presha ikapimwa ni 170 kwa 110. Sisemi kufunga ni kubaya, nafunga hadi leo. Nasema mtu mwenye njaa ya miaka sita hupewi tiba ya njaa nyingine. Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, ukisoma 1 Wafalme 19 malaika hakumhubiria kitu. Alimpa mkate uliookwa na gudulia la maji, akala akalala, akaamshwa akala tena, ndo akatembea siku arobaini mpaka Horebu, na ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia uko Horebu. Chakula na usingizi vilitangulia, mara mbili. Nimeisikia ikihubiriwa tangu Sunday School na sijawahi kusikia mtu anasimama hapo kwenye mkate.

Sasa kilichonisaidia kilitoka kwa mtu asiye mchungaji wala daktari. Nilienda mwalo mmoja upande wa Ilemela kufuata mzigo, nafika alfajiri nakuta mitumbwi yote imepandishwa mchangani, hakuna dagaa, nahodha mmoja mzee amekaa anashona nyavu na pembeni kijana anaziba ufa wa mtumbwi kwa pamba. Nikaanza kulalamika, nna wateja mimi. Akaniangalia akasema, "Mayu, mwezi umejaa." Wasiojua niwaeleze, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sahivi wengi wanatumia taa za sola, ule mwanga juu ya maji meusi ndo unawaita. Mwezi ukiwa mkubwa taa inakosa nguvu, dagaa wanatawanyika, ukienda utachoma mafuta na kuchosha vijana urudi na ndoo mbili. Kwahiyo kila mwezi kuna siku za giza wanachapa kazi kwelikweli usiku kucha, na kuna siku za mbalamwezi wanapandisha mitumbwi, wanashona, wanaziba, wanalala, wengine wanaenda kuona watoto.

Nikamuuliza sasa siku hizo mnakula nini? Akasema, "Tunakula za giza."

Nauza dagaa tangu msichana, mbalamwezi naijua kama najua jina langu, bei zangu zote zinaenda na mwezi. Sikuwahi kufikiria kwamba mimi mwenyewe sina mbalamwezi. Miaka sita nimechoma mafuta juu ya maji yenye mwezi.

Niende kupokea mzigo, narudi niwaeleze tulibadilisha nini.

Mama wa Kirumba

Naendelea.

Nilikaa pembeni miezi minne kabisa. Namba ya simu nikabadilisha, mume wangu ndo aliniambia nibadilishe na nilimkasirikia wiki nzima. Nikarudi kusoma Marko 6 taratibu. Wanafunzi wamerudi kwenye huduma, watu ni wengi wanaingia wanatoka hata nafasi ya kula hawana, Yesu anawaambia njoni ninyi peke yenu kwa faragha mkapumzike kidogo. Wakapanda mtumbwi. Watu wakakimbia kwa miguu kandokando ya ziwa wakawatangulia, na sisi wa ziwani tunaijua hiyo picha, ukiwa ndani unawaona watu nchi kavu wanakusubiri. Yesu akawahurumia, akafundisha, akalisha elfu tano. Hapo wahubiri wengi wanafungia, unaona, pumziko likaahirishwa. Ila soma chini kidogo, jioni ileile akawalazimisha wanafunzi wapande mtumbwi, akawaaga watu, akapanda mlimani peke yake kuomba. Pumziko lilikatizwa, na bado akalirudia siku ileile. Na aliwaaga watu, wenye shida zao, wengine hakika walikua bado wana wagonjwa.

Na Msamaria mwema wa Luka 10. Alimfunga majeraha, alimpandisha kwenye mnyama wake, alimlaza nyumba ya wageni, alimuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, kama ujira wa kibarua wa siku mbili, akampa mwenye nyumba akamwambia mtunze, nikirudi ntakulipa kilichozidi. Akaendelea na safari yake! Hakuhamia pale. Alijua kumkabidhi mgonjwa kwa mwingine na alijua atarudi. Mimi nilikua nataka niwe Msamaria, niwe punda, niwe na mwenye nyumba ya wageni.

Niliporudi nikaomba kitu kimoja tu kwa wazee, idara isiwe mtu. Tukatafuta watu kumi na wawili, wanaenda wawiliwawili, na hatukuchagua wale wanaojua kuomba kwa sauti, tulichagua wenye moyo. Kuna fundi cherehani hajui kuhubiri hata dakika mbili, lakini anajua kukaa, anakaa na mgonjwa saa nzima anamkatia kucha. Kuna kijana wa bodaboda, ana siku mbili kwa wiki anabeba wagonjwa kwa bei ya mafuta tu. Laini ya simu ni ya kanisa, inazunguka kwa zamu, ikifika saa tatu usiku inaenda kwa mzee wa zamu, wewe unalala. Hela hazipiti kwenye simu ya mtu binafsi, kuna sanduku na daftari na watu watatu wanaohesabu, nauli na chakula mwenye zamu anaamua mwenyewe mpaka elfu kumi, zaidi ya hapo wanakaa watatu. Hiyo peke yake ilinipunguzia nusu ya mzigo, maana kilichokua kinanichosha zaidi ya kutembea ni kuamua peke yangu nani apewe nani asipewe, alafu nalala na sura ya yule niliyemnyima.

Na tukajifunza wenye nyumba za wageni wetu ni akina nani. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii mitaani, kuna kliniki za CTC za wanaoishi na VVU, kuna mwenyekiti wa mtaa. Miaka yote nilikua nachangisha bili za watu mchango kwa mchango wakati mwingine mtu alistahili msamaha akaelekezwe tu dirisha gani. Wajane tulianza kuwalipia nusu ya bima ya afya ya jamii, ile CHF iliyoboreshwa, ilikua elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, nusu anatafuta mwenyewe. Yule mama wa Igombe alikua wa kwanza. Nilienda kwake mwenyewe nikamwambia ile simu niliisikia. Hakusema kitu, alinipikia chai.

Nyie mnafanyaje makanisani kwenu? Nataka kusikia.

Kijana wa Nansio

Mama shikamoo. Uzi wako nimeusoma wote mara mbili na nakuheshimu sana ila ntapingana kidogo. Mimi ni mwinjilisti Ukerewe. Naogopa haya mafundisho ya kujipumzisha yasije yakatufanya wahudumu wa saa za ofisi. Paulo anawaambia Wakorintho atatumia na kutumiwa kabisa kwa ajili ya roho zao. September 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Alhamisi siku ya gulio Bugolora, walikufa watu zaidi ya 200, visiwa vyetu hivi kila ukoo uliguswa. Wiki zile nani angesema leo ni zamu yangu ya kupumzika? Tulilala kwenye matanga, tulizika, tuliomba, tulikula tulichopewa. Kuna wakati lazima uungue.

Mama wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Pole kwa yale, hatujasahau hata sisi wa mjini.

Wiki zile ulifanya sawasawa na mimi ningekushangaa kama usingefanya. Hilo ni giza lenyewe, kwenye giza hakuna mvuvi anayelala. Ntakuuliza kitu kingine, baada ya zile wiki nani alikuja kukaa na wewe? Wewe uliyezika, uliyeshika akina mama wanaolia, ulienda kulia wapi?

Na kuhusu Paulo, huyohuyo aliyesema atatumiwa, msome Wafilipi 2 mwishoni. Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumhudumia Paulo kifungoni, akaugua karibu na kufa kwa ajili ya hiyo kazi ya Kristo. Paulo hakumwambia kaza. Alimrudisha nyumbani, na akaandika barua wampokee kwa furaha yote na wawaheshimu watu kama hao. Alirudi amepewa heshima, na kwetu mtu akirudi hivo tunanong'ona amepoa kiroho. Alafu hesabu majina ya Warumi 16 uone Paulo alikua na watu wangapi. Na alikua na Luka, tabibu, pembeni yake.

Kijana wa Nansio

Mama hilo swali la nani alikuja kukaa na mimi nimelisoma nikafunga simu nikatoka nje. Hakuna aliyekuja. Wala mimi sikuita mtu. Mpaka leo nikipanda kivuko nakaa karibu na mlango. Ntakutafuta inbox.

Nesi wa zamu

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, hospitali sitaji, niko Mwanza hapahapa. Nichangie kwa upande wa kazi yangu maana wapendwa wengi wanatuletea mtu mwisho kabisa.

Hii hali ya kuishiwa kwa sababu ya kazi, Kiingereza wanaiita burnout, ina historia. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika kuhusu watu wanaojitolea kwenye kliniki ya bure New York, yani watu kama mama mwanzisha uzi kabisa, waliojitoa kwa moyo wote kuhudumia wasio na uwezo, na alivyoona wanaishiwa taratibu. Yeye mwenyewe yalimkuta. Kwahiyo hii kitu haikuanzia kwa wavivu, iligunduliwa kwa wale wanaojali kuliko wengine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya ICD-11 wakaieleza kama hali inayotokana na mkazo wa muda mrefu wa kazi, wakasema sio ugonjwa. Alama zake ni tatu, kuchoka kusikoisha hata ukilala, moyo kujitenga na kazi au watu mpaka unawaona kama mzigo, na kuona kazi yako haizai chochote. Mama angalia ile ndoo ya mchele na yule baba wodini, umezieleza mbili kwa mdomo wako.

Ila msichanganye. Presha 170 kwa 110 ni presha, inatibiwa na inafuatiliwa, usiseme nimechoka huduma ukaacha dawa. Na ukikosa usingizi wiki na wiki, hamu ya kila kitu imekata, unawaza kufa kama Eliya, hiyo inaweza ikawa sonona, njoo hospitali, muombewe na mtibiwe, havigombani. Nimeona muinjilisti analetwa na mkewe amekonda, miezi minane anakemewa pepo la uzembe. Niliumia sana.

Na naomba mnaoenda mialoni mnisaidie kitu. Wavuvi wanahama kufuata samaki, leo Kome kesho kisiwa kingine, kadi ya CTC inabaki kambi ya zamani na dawa zinakatika. Mkikutana nao waambieni kituo chochote cha CTC kinaweza kumsaidia, asikae bila dawa kwa sababu kahama. Na tafadhali, kwa jina la Yesu huyuhuyu, mtu akiombewa asiambiwe aache ARV. Watoto wa mwaloni wenye damu kwenye choo au mkojo wapelekeni zahanati, inaweza kua kichocho, dawa ipo.

Mama mchungaji

Sijawahi kuandika humu, nasomaga tu. Mimi ni mke wa mchungaji, sisemi wapi.

Nyie wa idara mna zamu. Sisi nyumba yetu ndo mwalo. Saa kumi na moja asubuhi mtu yuko mlangoni, saa tano usiku mtu yuko mlangoni, sebule haijawahi kua yetu. Wanangu wamejifunza kula haraka wakisikia hodi. Mwaka jana mtoto wangu wa kike aliandika insha shuleni, mwalimu akaniita akanionyesha, ameandika anatamani baba yake angekua mgonjwa wa kanisani ili akae nae. Nimeitunza ile karatasi kwenye Biblia yangu, mume wangu niliweka mwezi mzima ndo nikampa.

Hakusema kitu. Jumatatu iliyofuata akawatoa watoto, wakapanda pantoni ya Kamanga wakavuka ng'ambo wakanunua miwa wakarudi nayo. Hivyo tu. Sahivi Jumatatu mlango tunafunga kuanzia saa nne mpaka saa kumi, wazee wawili ndo wanapokea watu. Kuna walionuna, na kuna waliohama kanisa, nawaombea. Sadaka haikupungua wala wagonjwa hawakukosa mtu.

Mwanajumuiya wa Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Katoliki hili linabebwa na jumuiya ndogondogo, kaya kumi na kitu za jirani, tunasali kila wiki kwa mtu mmoja kwa kuzungukia, akiugua wa jumuiya sisi ndo wa kwanza kufika na padri anaitwa kwa ajili ya sakramenti. Padri hawezi kujua nani hajala leo mtaani kwetu ila mimi najua maana moshi wa jikoni kwake nauona. Lakini niseme ukweli, hata jumuiya inachoka ikiwa na watu wawili tu wanaojitokeza na wengine wanatuma elfu mbili kwenye grupu la WhatsApp wakidhani wamemaliza. Hela inasaidia, ila mgonjwa haongei na elfu mbili.

Swali kwa mama, hizo siku za mbalamwezi mmeziweka vipi? Maana mbalamwezi ndo wavuvi wako nchi kavu, ukitaka kuwahudumia ndo mda wao.

Mama wa Kirumba

Umenigusa penyewe, na hilo kosa tulilifanya kweli. Mwanzoni kwa furaha yangu nikasema mwezi ukijaa idara yote inapumzika. Wale wanaoenda mialoni wakaniambia mama sasa tutaenda lini, giza wavuvi wanavua usiku wanalala mchana, huwapati. Tukagawanya. Timu ya wodini na mitaani inapumzika mbalamwezi, timu ya mwaloni inapumzika giza, na kila upande unambeba mwenzake kwa dharura. Kalenda ya mwezi imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya kanisa karibu na ratiba ya kwaya. Na wiki ya kupumzika hupewi kazi nyingine ya kanisa, hilo tulilipigania maana walitaka tuwapeleke kwenye usafi.

Na nikuambie kitu ambacho sikutegemea. Tunatembelea watu wachache kwa wiki kuliko nilivyokua natembelea peke yangu, nimepiga hesabu kwenye daftari la zamani. Ila tunakaa. Zamani nilikua naingia na unga, naomba dakika tatu, natoka, kuna mwingine ananisubiri. Tumbo limepata, roho haijaulizwa. Au nimehubiri vizuri na sijaona kwamba mtu anatetemeka ana homa. Sahivi yule fundi cherehani akishakata kucha ndo mgonjwa anasema lile jambo lenyewe, sijaongea na kaka yangu miaka tisa, mwiteni. Hilo halitoki kwenye dakika tatu. Mwaka juzi alimpata kaka mtu kwa simu mpaka Sengerema, akaja, wakashikana mikono pale kitandani, mgonjwa akafariki baada ya siku mbili. Fundi hakuomba hata sala ndefu, alisema Bwana umeona.

Nesi nakushukuru sana, ile ya CTC nimeinakili nimewatumia timu ya mwaloni sahivihivi. Ni kweli, tuna kijana mmoja tulimpoteza hivohivo, alihama kambi akaona aibu kurudi kituoni kwake.

Mama mchungaji, wewe nakukumbatia. Hiyo karatasi ya mtoto itunze.

Mgeni wa Igoma

Wabeja sana kwa uzi. Swali langu dogo, mnafanyaje na waongo? Kanisani kwetu mtu alichangiwa bili ya mama yake, tukaja kugundua mama alikufa zamani. Tangu hapo watu hawatoi kabisa.

Mama wa Kirumba

Wapo, na wanauma kuliko wagonjwa kumi. Mimi nilidanganywa mara nyingi na kila mara moyo ulikua unafunga mlango mmoja, mpaka wa kweli nao wakakuta pamefungwa. Kilichosaidia ni kutotoa hela mkononi, tunalipa dirishani kwa jina la mgonjwa, unga tunapeleka nyumbani kwa miguu yetu, na wanaenda wawili, mmoja akilainika mwingine anauliza. Tukidanganywa imedanganywa idara, tunaandika kwenye daftari tunaomba tunaendelea, halibebwi na mtu mmoja mpaka kitandani kwake. Hao waliochangia mkawaambie ukweli wote mbele ya kanisa, kiasi gani kilitoka na mmebadilisha nini. Watu wanatoa wakijua kinachoendelea.

Wapendwa naomba niishie hapa kwa leo. Mwezi umeisha, giza limeanza jana, mzigo unaingia saa kumi na moja alfajiri. Na wodini kuna mama kaja na mtoto toka Chato, timu ya wodini inaenda kesho saa nane, mimi simo, nimo wiki ijayo. Nimewapa khanga tu wampelekee. Kijana wa Nansio inbox yako nimeiona, usiandike kila kitu, siku ukivuka kuja mjini pitia Mwaloni ulizia ghala la mama wa idara, tutakaa.

Kijana wa Nansio

Jumamosi ntakua na meli ya asubuhi mama.